Mazishi ya Choo cha Mutiso

Choo cha marehemu Mutiso kilikuwa na baraza. Hakuna mtu pale Ndara, karibu na Voi, aliyewahi kuona choo cha shimo chenye baraza, na wageni waliokiona mara ya kwanza walibisha hodi wakidhani kuna familia inaishi humo. Kuta zilikuwa za mawe ya kuchonga, zimepigwa lipu na kupakwa rangi ya buluu kutoka chini hadi kiunoni, na nyeupe kutoka kiunoni kwenda juu. Sakafu ilikalia mataruma ya chuma, yale yanayobeba reli, ambayo Mutiso aliyanunua kwenye mnada wa reli baada ya kustaafu. Kulikuwa na dirisha lenye wavu, rafu ya redio, na kulabu ya kutundikia koti.

"Koti?" Mumbe, mkewe, alimuuliza siku alipoipigilia. "Kwa hili jua la Voi, nani atakuja na koti?"

"Mgeni haji na barua, Mama Koki. Akija nalo, atalitundika wapi?"

Alikijenga mbali, mwisho kabisa wa shamba, mahali vichaka vinapoanzia, kwa sababu aliamini kwamba jikoni na choo havifai kutazamana. Mtu akishikwa na tumbo nyumbani kwa Mutiso alihitaji kuamua mapema. Jirani yao Chrispine Oluoch, aliyefanya kazi naye relini miaka mingi, alizoea kusema kwamba kwenda choo kwa Mutiso ni safari ya kuaga watu.

Kisha Mutiso akafa, na akafa mwaka wa korona. Alizikwa kwao Kibwezi, asubuhi mapema, na watu waliovaa mavazi meupe kama warina asali. Hakukuwa na tenti wala kwaya. Mchungaji aliomba akiwa mbali, sauti yake ikapeperushwa na upepo, na kabla Mumbe hajamaliza kufuta machozi, afisa wa afya alikuwa ameshaangalia saa. Hakuna mtu hata mmoja aliyesimama kusema Mutiso alikuwa mtu wa namna gani. Mumbe alirudi Ndara na hilo jambo likiwa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kaburi lilikuwa Kibwezi. Kilichobaki karibu naye cha mikono ya Mutiso kilikuwa choo.

Kwa hiyo alikitunza. Kila mwaka alinunua rangi ya buluu na nyeupe. Jumamosi alikisugua, na akiwa anasugua alikisimulia habari za kijiji: nani ameoa, nani amekimbia, bei ya unga. Choo kilisikiliza vizuri kuliko Mutiso alivyokuwa akisikiliza.

Mambo yalianza kuharibika mradi ulipokuja.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri na Mumbe aliupenda. Kulikuwa na pori upande wa ranchi na pori jingine upande wa mbuga, na katikati yake mashamba ya watu: nyaya, mahindi yaliyokauka, matanuri ya makaa. Wanyama waliotaka kutoka pori moja kwenda jingine walipita kwa watu, na wakipita kwa watu walikula cha watu. Mradi ukasema: wenye mashamba wakiacha ukanda mmoja ulionyooka, bila ua, bila kukata miti, bila kuchoma makaa, mapori mawili yatakuwa pori moja, na wao watalipwa kila msimu kwa kuacha miti isimame. Ukanda huo waliuita ushoroba. Majirani walikubali haraka. Mahindi ya huko bondeni tangu zamani huwashibisha nyani tu, na kulipwa kwa kutolima ni kazi ambayo wengi waligundua wana kipaji nayo. Oluoch alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi. Ajiambo, jirani wa upande wa pili, alibomoa tanuri lake la makaa akapanda miti pale pale. Mumbe naye alitia sahihi.

Kisha akaja Jedidah, afisa wa mradi, msichana wa Mwatate mwenye buti kubwa na sauti ndogo, kupima ushoroba kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwa Mumbe akasimama.

"Mama, hiki kitu ni nini?"

"Choo."

"Naona ni choo. Nauliza, kinafanya nini hapa?"

"Kinafanya kazi ya choo."

Jedidah akatazama simu yake yenye ramani, akatazama choo, akatazama simu tena kama mtu anayetumaini mmoja wao atabadilisha mawazo. Kisha akaeleza kwa upole. Shamba la Mumbe ndilo lililokuwa jembamba kuliko yote; ushoroba ulifika pale ukabanwa kama shingo ya chupa. Na katikati ya ile shingo palisimama choo chenye baraza. Mkataba haukuruhusu jengo wala shimo. Mtoto wa ndovu angeweza kutumbukia, maana mdomo wa shimo ulitokeza nyuma ya ukuta, umefunikwa kwa mbao tu. Na ndovu wakikataa kupita hapa, mapori yatabaki mawili, na kikundi kizima hakitalipwa chochote, kwa sababu ushoroba uliokatika si ushoroba.

"Kwa hiyo kitoke," Jedidah akamaliza.

"Hakitoki," akasema Mumbe, akarudi jikoni.

Kesho yake ukaja ujumbe: Oluoch na Ajiambo, wamebeba sukari na mkate kama watu wanaokuja kuposa. Mumbe akawapikia chai. Walizungumza kuhusu mvua, kuhusu magoti ya Oluoch, kuhusu mvua tena. Mwishowe Oluoch akakohoa.

"Shemeji, tutakujengea kingine. Hapa hapa karibu. Cha mabati mapya."

"Cha mabati ukipiga chafya ndani kinahama."

"Tutatia mawe chini."

"Nani atatia? Wewe? Uliyejenga banda la kuku likaangukia kuku?"

Ajiambo akaficha kicheko ndani ya kikombe. Oluoch hakupenda habari ya kuku. "Mimi nilimwambia marehemu," akasema. "Nilimwambia, Mutiso, unapoteza simiti. Choo ni choo. Simiti aliyomwaga pale ingetosha daraja la mto Voi."

"Dada," Ajiambo akaingilia kabla mambo hayajachacha, "na ndovu wakikukuta humo ndani je?"

"Watabisha hodi."

"Hawana mkono wa kubishia!"

"Wana mkonga."

Walijaribu kwa upole, wakajaribu kwa ukali, wakajaribu kwa maandiko. Mkate ukaisha. Ndipo Ajiambo, ambaye alikuwa mama wa kwaya na alijua kusikiliza sauti ya mtu inavunjikia wapi, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Mumbe, wewe mwenyewe unataka nini?"

Mumbe alitaka kusema hataki kitu. Lakini mdomo ukatangulia.

"Nataka kizikwe."

"Kifukiwe, ndiyo, tutakifukia vizuri kabisa," Oluoch akaanza.

"Kizikwe, Chairman. Na kamati, na tenti, na kwaya, na watu wasimame mbele ya watu waseme. Mutiso mlimzika kama mtu aliyefumaniwa. Kazi ya mikono yake haitaondoka hivyo hivyo."

 Mbuzi mmoja nje akalia, hakuna aliyemjibu. Oluoch aliweka kikombe chini polepole, kama aliyeambiwa kina nyufa.

"Sasa," akasema Ajiambo, "MC atakuwa nani?"

Watu wa Voi wanajua kuzika. Ukiwaambia wachimbe mtaro wa maji watakuomba wiki mbili za kufikiri, lakini ukisema neno kamati, kufikia jioni kuna mwenyekiti, makamu, mweka hazina na ugomvi. Kundi la WhatsApp lilifunguliwa kwa jina la "Safari ya Mwisho ya Choo cha Mutiso". Watu wakaingizwa bila kuulizwa, kama desturi ilivyo. Wengine wakatoka, wakarudishwa. Shangazi mmoja wa Makueni ambaye hakusoma jina vizuri aliandika kwamba amehuzunika sana, marehemu alikuwa mtu wa watu. Hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu ilikuwa kweli.

Koki, mtoto wake, alipiga simu kutoka Mombasa. "Mama, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Naona hapa nimewekwa kamati ya chakula. Ya mazishi ya choo."

"Ulete mchele," akasema Mumbe.

Mchungaji Muinde alisumbuka kidogo. Alipekua kitabu cha ibada mbele nyuma, na mwishowe akaamua hakuna mahali kimekatazwa. Jedidah naye ilibidi ampigie mkubwa wake kuomba siku moja zaidi. "Ndiyo, mazishi," watu walimsikia akisema kando ya pikipiki. "Hapana, hakuna mtu aliyekufa. Ni ya choo. Ndiyo, bosi. Choo." Mkubwa akauliza kama kutakuwa na chakula.

Sharti la Jedidah lilikuwa moja: mambo yote yaishe mapema, kwa sababu jua likianza kupoa ndovu wa upande wa ranchi hushuka kutafuta maji, na tangu nyaya zitolewe walikuwa wameanza kuikumbuka njia yao. Kila mtu alikubali. Kila mtu alikuwa akidanganya, maana hakuna mazishi yaliyowahi kuisha mapema tangu dunia iumbwe.

Siku ikafika. Tenti nyeupe ilisimamishwa katikati ya nyumba na choo. Viti vya plastiki vilitoka kanisani, spika mbili kubwa zilitoka kwa mtu wa sherehe wa mjini, pamoja na kipaza sauti kisicho na waya ambacho Oluoch, aliyejiteua MC, alikishika tangu asubuhi asikiachie hata alipokuwa akila. Choo chenyewe kilifungwa utepe wa zambarau. Watu walijipanga kukitazama kwa mara ya mwisho, na kwa kuwa wengi walikuwa wametoka mbali, kukitumia.

Mumbe alikaa mstari wa mbele na leso nyeusi. Alikuwa amesema moyoni kwamba hatalia kwa sababu ya choo mbele za watu, na hadi hapo alikuwa amefaulu, kwa kuwa ni vigumu kulia Ajiambo akisoma wasifu.

"Choo chetu kipendwa," Ajiambo alisoma kwa sauti ya kanisani, "kilianza maisha kikiwa shimo. Kilikua, kikapata kuta, kikaezekwa. Kilikuwa kipole, hakikubagua mtu. Kiliwahudumia walokole na walevi. Wakati wa kipindupindu hakikulala. Kimeacha mjane mmoja, birika moja, na ndoo. Bwana alitoa—"

"Ajiambo!" Mchungaji Muinde akanong'ona.

"Basi, amina."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mumbe alicheka pia, lakini ule mwiba ulibaki pale pale kooni. Mmoja baada ya mwingine walisimama wakasema kuhusu choo. Walisifu mawe, walisifu rangi, walisifu hewa inavyozunguka. Kila aliposimama mtu, Mumbe aliinua uso, akingoja. Kila alipoketi, aliuinamisha. Walikuwa wakizika choo kweli kweli. Mutiso mwenyewe hakuna aliyemgusa.

Na muda ulikuwa unakwenda. Jedidah alisimama nyuma ya tenti akionyesha saa yake kwa mikono miwili. Oluoch alimwona, akatikisa kichwa kwa heshima, akaanza hotuba yake mwenyewe. Alianza na ujenzi wa reli, na enzi za Mwingereza, bado hajafika hata kwenye uhuru, Jedidah alipopiga kelele kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

"Ndovu!"

Walitoka vichakani kimya kimya, wekundu kwa udongo wa Tsavo kama matofali yaliyopata miguu. Mbele jike kubwa, nyuma yake wengine, na kati yao mtoto. Hawakuwa na ugomvi na mtu. Walikuwa wakienda zao majini, na hii ilikuwa njia yao.

Hakuna aliyebaki kuwaeleza kuhusu programu. Tenti ilimwaga watu kama gunia la mahindi lililotoboka, wote wakielekea nyumba ya Mumbe. Mchungaji Muinde aliwapita vijana. Mtu alikimbia na sufuria ya pilau kichwani na haikumwagika hata punje. Mumbe alijikuta dirishani kwake, amebanwa kati ya Ajiambo na mkubwa wa Jedidah aliyekuwa bado ana sahani mkononi.

"Wote wako ndani?" Jedidah aliuliza, akihesabu vichwa. "Mwenyekiti yuko wapi?"

Jibu likatoka kwenye spika.

"Yesu wangu," zilisema spika mbili kubwa pale chini ya tenti tupu. "Yesu wangu, Yesu wangu, Yesu wangu."

Wote wakatazama. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa. Oluoch, kwa magoti yale, alikuwa amekimbilia kilichokuwa karibu, na alikuwa ameingia nacho kile kipaza sauti, hakijazimwa.

Jike kubwa lilifika chooni, likakizunguka, likanusa utepe. Kisha likageuka, likaweka makalio yake kwenye kona ya ukuta, likaanza kujikuna.

"Mutiso," zikasema spika, kwa sauti inayotetemeka. "Mutiso ndugu yangu. Ananisukuma. Huyu mama ananisukuma, lakini ukuta hautikisiki. Mimi nilikucheka. Nilisema huyu Mkamba anajengea haja kubwa hoteli. Nilikuambia unapoteza simiti. Nisamehe. Simiti imetosha. Imetosha kabisa, bwana."

Ndani ya nyumba, mtu alianza kucheka, Ajiambo akamkanyaga mguu.

Ndovu alijikuna upande wa pili. Spika zikavuta pumzi ndefu.

"Unakumbuka yale mafuriko? Reli ilipozolewa, mimi nikabaki ng'ambo na kibanda kimejaa maji? Ulikuja kwa miguu na chupa ya chai. Ulipofika chai ilikuwa baridi na nusu ulikuwa umeinywa mwenyewe njiani. Lakini ulikuja. Wale wengine wote walituma salamu. Hata kwako Kibwezi nilikuja, Mutiso. Hakuna anayejua. Chifu alinigeuza kwenye lango, akasema idadi imejaa. Nilikaa kwenye gari kando ya barabara. Nilikuwa nimewaletea wafiwa mayai ya kuchemsha, nikayala yote, trei nzima, nikilia. Tumbo likanishika. Nikawaza, sasa Mutiso amekufa, na choo chake kiko Ndara."

Mumbe alijisikia akitoa sauti. Hakujua kama ni kicheko au ni kilio. Ilianza kama moja ikaisha kama nyingine, na Ajiambo alimshika mabega akamwacha amalize. Alilia kwa nguvu, kama mtu anavyopaswa kulia mazishini, na wanawake waliokuwa karibu wakamsaidia, na mkubwa wa Jedidah akaweka sahani chini akavua kofia.

Kule nje, Oluoch pengine aliegemeza kipaza sauti vibaya, kwa maana spika zilipiga mluzi mkali uliosikika hadi mjini. Jike lilishtuka, likaacha kujikuna. Familia nzima ikasogea. Na hapo Mumbe, akifuta macho, aliona jambo. Ndovu hawakuweza kupita pamoja. Upande mmoja kulikuwa na choo, upande mwingine miti mikubwa ya mpaka wa Ajiambo, na walijipanga mmoja mmoja kama watu wa benki. Mtoto aliteleza karibu na mdomo wa shimo, nyuma ya ukuta, na mama yake akamvuta kwa mkonga haraka haraka, kama Mumbe alivyokuwa akimvuta Koki kando ya reli. Wawili wa mwisho walitazama ile nafasi, wakaitazama tena, wakageuka wakarudi walikotoka.

Walipokwisha kwenda, mlango wa choo ulifunguka. Oluoch alitoka wima, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, akapiga hatua mbili na kukaa barazani.

"Hakivunjwi!" akatangaza, na spika zikarudia.

"Hakivunjwi!" watu wakaitikia, wakimiminika kutoka nyumbani. "Choo cha nguvu! Hakivunjwi!" Jedidah alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mkataba, malipo, ushoroba, vyote vilikuwa vinayeyuka mbele yake, na mkubwa wake mwenyewe alikuwa akipiga makofi.

Mumbe alipita katikati yao. Alikwenda hadi barazani, akamnyang'anya Oluoch kipaza sauti.

"Kinavunjwa," akasema.

"Shemeji! Baada ya haya yote? Ukuta umeniokoa maisha!"

"Wawili wamerudi, Chairman. Umewaona? Huwezi kuwaona, ulikuwa ndani unakiri dhambi. Wawili wameshindwa kupita. Na yule mtoto nusura aingie shimoni."

"Lakini ni kazi ya Mutiso!"

"Ni kazi ya Mutiso. Na umemsema vizuri." Sauti yake ilitaka kukatika, akaikohoa ikarudi. "Hayo ya mayai hata mimi sikuyajua. Sasa toka hapo barazani."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Waliokuja na sururu asubuhi wakijigamba sasa waliziangalia kama ni za watu wengine. Mchungaji alikumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea. Kwa hiyo Mumbe alifunga leso yake nyeusi kiunoni, akachukua sururu iliyokuwa karibu, akaiinua juu, na akapiga ukuta wa mumewe kwa nguvu zake zote pale buluu inapokutana na nyeupe.

Sururu iliruka ikarudi. Ukutani kulibaki alama ndogo, kama ya kucha.

Akapiga tena. Kipande cha lipu cha ukubwa wa chapati kikaanguka, na nyuma yake simiti ikatokeza, ya kijivu, imeshikana, haina hata ufa.

"Nilisema mimi," Oluoch akanung'unika. "Ya daraja."

Akaja Oluoch na nyundo, akaja Ajiambo, akaja mkubwa wa Jedidah amekunja mikono ya shati. Walipiga kwa zamu na kwaya ikawaimbia, na kila sururu iliporuka, watu walishangilia upande wa ukuta. Jua lilipokaribia kuzama, kona moja tu ndiyo iliyokuwa imelegea, na Jedidah akawaambia waende nyumbani, watarudi kesho, na kesho kutwa, na pengine wiki yote.

Mumbe alibaki nyuma kidogo, jasho likimtiririka, mkono kiunoni. Alikiegemea kile kilichobaki, akakisemesha kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kama alivyozoea kusema na Mutiso mwenyewe kitandani: kwamba inatosha sasa, kwamba watu wamesema na yeye amesikia, kwamba ndovu wana haraka, kwa hiyo aachilie.

Akapiga mara moja ya mwisho, sururu ikaruka ikarudi. Mutiso, kama kawaida yake, hakusikia.